Kuhamia nyumba ya nafuu (soba hausi) nchini Uganda: yanayokungoja na namna ya kujiandaa

Mtu aliyemaliza matibabu ya pombe au dawa za kulevya huruhusiwa asubuhi, hupewa barua na vidonge vya wiki mbili, na ikifika jioni amekwisha kushuka kwenye steji ileile ambako wenzake wa zamani hukaa kila siku. Nyumba ya nafuu, ambayo ndugu zetu wa Zanzibar na Tanga huiita soba hausi, imewekwa kati ya wodi na steji hiyo. Si hospitali, kwa maana haina daktari wala muuguzi wa zamu. Si gereza, kwa maana lango lake hufungwa na kufunguliwa na wale wale wanaolala ndani. Wala si kanisa au msikiti, ingawa sala husaliwa humo asubuhi na jioni. Ni nyumba ya kupanga yenye watu sita, kumi au kumi na tano walioacha, ambao hulipa kodi, hupika kwa zamu, na kila mmoja wao hujua mwenzake amekwenda wapi, amerudi saa ngapi na akiwa katika hali gani.

Niliishi katika nyumba ya namna hiyo pembezoni mwa Kampala kwa miezi minane, kisha nikabaki miaka miwili kama msimamizi wake. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa wakala wa forodha Busia, kazi ambayo humweka mtu usiku kucha akisubiri karatasi za lori, na chupa ndogo ndiyo humsaidia kusubiri. Ninamwandikia anayejiandaa kuhamia pamoja na ndugu anayemlipia, kwa sababu wengi niliowapokea langoni walikuwa wamefungasha nguo vizuri, lakini hakuna aliyewaambia kinachowangoja ndani.

Mfano wa nyumba hizi unaojulikana zaidi ulianza mwaka 1975 huko Silver Spring, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, pale wanaume waliokuwa wakiishi katika makao yaliyokuwa yanafungwa walipoamua kuipanga nyumba hiyo wenyewe, wakaiita Oxford House. Kanuni zao kuu zilikuwa tatu: nyumba iongozwe kwa kura za wakazi, ijilipie gharama zake, na anayerudia ulevi aondoke. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, watu 150 waliotoka matibabuni waligawanywa, baadhi wakapelekwa katika nyumba hizo na wengine wakafuata utaratibu wa kawaida wa kurudi makwao na kuhudhuria kliniki. Baada ya miezi 24, waliokuwa wakitumia kilevi walikuwa asilimia 31.3 katika kundi la kwanza na asilimia 64.8 katika kundi la pili. Hakuna daktari wala dawa iliyoongezwa kwa waliohamia. Walichoongezewa ni watu wa kula nao chakula cha jioni.

Nyumba za kwetu hazifanani zote na mfano huo. Nyingi nilizoziona Kampala na Wakiso zina mwenyewe, zina msimamizi anayelipwa, na hushirikiana na kituo cha matibabu kinachowaletea wakazi, kwa hiyo kura haipigwi sana. Hata hivyo utaratibu wa ndani ni uleule, na ndio nitakaoueleza.

Usihamie ukiwa bado unatetemeka

Jambo la kwanza ni la kitabibu, na ndilo ambalo familia hulikosea mara nyingi. Mtu aliyekuwa akinywa waragi kila siku kwa miezi au miaka asiachishwe ghafla na kuletwa nyumbani kwetu moja kwa moja kutoka kwenye kiti cha baa. Mtetemeko, jasho na wasiwasi huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege huweza kumpata katika siku mbili za mwanzo. Na ile hali ya kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwepo na kupandwa na homa, ambayo huua, kwa kawaida hutokea kati ya saa 48 na 96. Nyumba ya nafuu haina kitu cha kumsaidia mtu kama huyo isipokuwa boda boda ya kumkimbiza hospitali. Hospitali ya rufaa ya taifa ya Butabika, iliyofunguliwa mwaka 1955 upande wa mashariki ya Kampala, ina kitengo cha pombe na dawa za kulevya, na hospitali za rufaa za mikoa kama Mbale, Mbarara, Gulu na Arua zina vitengo vya afya ya akili. Anzia huko. Huko ndiko utakakopewa dawa za kutuliza kwa kipimo kinachopunguzwa siku baada ya siku, pamoja na vitamini B1, ambayo wanywaji wa muda mrefu huishiwa nayo na ambayo kuikosa kunaweza kuharibu ubongo.

Ukitoka hospitali, hakikisha unayo barua inayotaja ulichotibiwa, dawa unazoendelea kumeza na tarehe ya kurudi kliniki. Msimamizi mwenye akili ataiomba barua hiyo kabla hajauliza habari ya kodi. Asipoiomba, hilo nalo limekwambia kitu.

Kuichagua nyumba

Nenda ukaione nyumba mchana, kisha ukiweza ipitie tena saa mbili usiku. Mchana utaonyeshwa vitanda. Usiku utajua kama kuna mtu mzima anayelala hapo na kama wakazi wapo. Uliza nani anamiliki, kodi inajumuisha nini, fedha inarudishwa au hairudishwi ukiondoka kabla ya mwezi kwisha, wageni huja siku gani, dawa za wakazi hufungiwa wapi, na kama kushiriki ibada ya dini fulani ni lazima. Uliza pia kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa huo. Mgeni yeyote anayehamia kijijini hupaswa kujitambulisha kwake akiwa na kitambulisho cha taifa, hivyo nyumba inayobadilisha watu kila mwezi bila mwenyekiti kuijua ina jambo inalolificha.

Swali lenye uzito kuliko yote ni hili: mtu akinywa, mnamfanyaje? Sikiliza jibu lilivyo. "Hapa hakuna anayekunywa" si jibu, kwa sababu yupo, au atakuwepo. Jibu zuri lina hatua: anapimwa, anapelekwa mahali fulani, ndugu anapigiwa simu, anaruhusiwa kuomba kurudi baada ya muda fulani. Ukisikia habari za kufungiwa chumbani, kuchapwa au kufungwa minyororo, ondoka. Na kama familia yako inapanga kutuma vijana wanne na gari wakubebe kwa nguvu usiku, waambie mapema kwamba nyumba ya nafuu hupokea mtu aliyekubali kuja, hata kama amekubali kwa shingo upande. Mimi mwenyewe nilikuja hivyo.

Halafu hesabu vinywaji. Shuka kwenye steji, tembea kwa miguu hadi langoni, na uhesabu kila mlango unaouza pombe njiani: baa, kafunda, duka la rejareja lenye chupa ndogo nyuma ya mkate. Vile vifuko vya plastiki ambavyo Tanzania viliitwa viroba vilipigwa marufuku Uganda mwaka 2019, lakini chupa ndogo za plastiki zilishika nafasi yake na bei yake ni ya mtu asiye na kazi. Kutoka steji yetu hadi lango nilihesabu milango kumi na mmoja. Ilikuwepo njia ya pili, ya kupita nyuma ya shule ya msingi, ndefu kwa dakika saba na yenye mlango mmoja tu. Nilitembea njia ile ya pili kwa miezi minane, na kila mkazi mpya niliyempokea nilimtembeza humo kabla sijamwonyesha kitanda chake.

Nyumba za wanawake ni chache mno kuliko za wanaume, na zinazopokea mama akiwa na mtoto mdogo ni chache zaidi. Mwanamke anayetafuta asikubali kuwekwa katika nyumba ya wanaume kwa ahadi ya chumba chenye kufuli.

Mzigo wa kubeba na wa kuacha

Beba blanketi, shuka mbili, chandarua, kandambili, beseni, taulo, kufuli ndogo, sahani na kikombe chako, nakala ya kitambulisho, na dawa zote zikiwa ndani ya pakiti zake zenye maandishi. Dawa zilizomwagwa kwenye mfuko wa plastiki huchukuliwa na hurudishiwi, hata ukieleza vipi, kwa kuwa hakuna anayeweza kujua ni nini. Beba daftari. Utacheka, lakini katika wiki ya tatu, usingizi ukikataa, utaandika.

Manukato yenye spiriti, dawa ya kusukutulia mdomo, dawa ya maji ya kikohozi, kitakasa mikono na chupa za mitishamba zinazosemekana kuongeza nguvu huachwa nyumbani. Mkazi mmoja aliwahi kuninunia wiki nzima kwa sababu nilimnyima manukato aliyopewa na mkewe, na sikumlaumu. Mairungi (miraa), bangi na kuba, ile tumbaku ya kuweka chini ya ulimi, vimekatazwa pia. Kila baada ya miezi michache hufika mtu anayesema kwa dhati kwamba yeye ni mlevi wa pombe tu, na kwamba mairungi humsaidia kukaa macho na kufanya kazi. Jibu la nyumba ni hapana, na ninaliunga mkono, kwa kuwa nimeona mtu akitafuna mchana kutwa, akakosa usingizi usiku, na usiku wa tatu akaenda kutafuta kitu cha kumlaza.

Siku ya kwanza

Utapimwa. Kuna kifaa cha kupulizia kinachoonyesha pombe iliyo katika pumzi, na kikombe cha mkojo kwa ajili ya bangi, heroini na vidonge. Mtu wa jinsia yako atasimama mlangoni wakati unakojoa, na aibu utakayoihisi ni ya kweli. Hupungua ukijua kwamba wote waliomo ndani, pamoja na huyo aliyesimama, walipita hapo.

Kisha begi litafunguliwa mbele yako. Upekuzi wa nyumba ya nafuu hufanywa na watu waliokuwa mabingwa wa kuficha, kwa hiyo usitarajie upekuzi wa mlinzi wa dukani. Viatu hukung'utwa na soli huinuliwa. Dawa ya meno hufinywa. Kopo la Vaseline hufunguliwa na kijiti cha kiberiti huzamishwa ndani hadi chini. Pindo za suruali hupapaswa kwa vidole viwili, taratibu, kama fundi cherehani anayetafuta sindano iliyokatika. Siku yangu, mzee aliyenipokea alipofika kwenye koti nililokuwa nimelivaa Busia misimu miwili, alitoa katika mfuko wa ndani kizibo kimoja cha chupa ya waragi, kikavu, kilichopondeka upande mmoja. Hakikuwa na pombe na hakikuwa kosa. Alikiweka mezani kati yetu, akaendelea na soksi. Hakuuliza chochote, nami nilizungumza kwa karibu saa nzima.

Baada ya hapo utasaini mkataba. Usome wote. Humo mna kodi, muda wa kulala, zamu za kazi, siku za mikutano, ruhusa ya kupimwa wakati wowote, na jina la ndugu wa kupigiwa simu. Andika jina la ndugu atakayepokea simu saa nane usiku, hata kama si yule unayempenda zaidi.

Wiki za mwanzo

Katika nyumba nyingi, simu yako itawekwa kwa msimamizi kwa wiki moja au mbili, hutatoka peke yako, na wageni watasubiri. Watu hulalamika juu ya simu kuliko juu ya chakula. Sababu ya kuizuia si maongezi pekee, ni pesa. Simu ya Mganda leo ni mfuko wa fedha, na shangazi mwenye huruma anayekutumia shilingi elfu ishirini "za sabuni" siku ya tano amekununulia usiku mmoja mbaya bila kujua. Kabla hujahamia, kaa na ndugu wote wanaoweza kukutumia fedha na mkubaliane kwamba kodi na matumizi yatatumwa kwa mweka hazina wa nyumba au kwa ndugu mmoja aliyeteuliwa. Ukirudishiwa simu, futa namba mbele ya mtu, ujiondoe katika makundi ya WhatsApp ambayo kazi yake ilikuwa kutangaza leo tunakutana wapi.

Siku huanza saa kumi na mbili asubuhi: kufagia, kuoga, uji, kisha mkutano mfupi ambamo kila mtu husema atakuwa wapi mchana na atarudi saa ngapi. Zamu ya jikoni itakufikia hata kama hujawahi kushika mwiko. Kusonga posho, yaani ugali, ya watu kumi na wawili ni kazi ya mabega: maji yakichemka unga hutiwa kidogo kidogo, mwiko hauachwi, na ukisimama kuvuta pumzi mabuja hujifunga chini, na watu kumi na wawili wasio na pombe ya kuwasahaulisha watayakumbuka mabuja yako hadi Jumapili. Nilimwona mwalimu mkuu mstaafu akilia kwa hasira juu ya sufuria hiyo. Wiki ya pili alikuwa akiwafundisha wengine.

Mwili nao una mambo yake. Utatamani sukari kuliko ulivyotamani utotoni, na nyumba inayojua kazi yake haikunyimi chai tamu katika miezi ya mwanzo. Usingizi utakuwa vipande vipande kwa wiki kadhaa. Halafu kuna ndoto: utaota umekunywa, utaonja, utaamka moyo ukienda mbio na ukiwa na hakika kwamba umeharibu kila kitu. Ni jambo la kawaida kabisa kwa watu walioacha, na halimaanishi kwamba unataka kurudi. Iseme kwenye mkutano wa asubuhi. Angalau watu watatu watatikisa kichwa.

Saa mbaya zaidi ni kati ya saa kumi na saa moja jioni. Kazi imekwisha, giza halijaingia, na hiyo ndiyo saa ambayo mwili ulizoea kwenda. Usiiache tupu. Panga ufuaji, mpira, bustani ya sukuma wiki, au zamu ya sokoni na mwenzako katika saa hizo, wala usipange kuoga na kupumzika.

Mikutano, na lugha yake

Nyumba nyingi hutaka uhudhurie mikutano ya kikundi, na mara nyingi ni ile ya hatua kumi na mbili ya Alcoholics Anonymous, chama cha watu wanaoacha pombe kilichoanzia Akron, Ohio, mwaka 1935. Haina ada, hakuna anayeandika jina lako la ukoo, na hakuna anayekujibu ukizungumza. Utatakiwa kumtafuta mdhamini, yaani mtu aliyetangulia kuacha ambaye utampigia simu kabla ya kunywa, si baada.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna tatizo dogo. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, lakini vyumba vya mikutano Kampala bado huzungumza Kiganda na Kiingereza, na wapo wazee ambao wakisikia Kiswahili hukumbuka vizuizi vya barabarani na askari. Usikae kimya kwa sababu hiyo. Omba kusema kwa Kiswahili, hata kama ni nusu tu ya chumba watakaokuelewa. Mara nyingi yupo dereva, mwanajeshi mstaafu, Mnubi wa Bombo au Mkongo atakayekufuata nje mkutano ukiisha.

Sheria inayouma

Utakubali kuosha vyoo, utakubali kulala saa nne. Sheria itakayokukaba koo ni ile inayosema kwamba ukimwona mwenzako amekunywa, useme. Sisi tumelelewa kwamba mtu mzima hachongei, na mkazi mpya huona kana kwamba ameingia nyumba ya wapelelezi. Nami nilikuwa na mawazo hayo hadi usiku ambao mwenzangu wa chumba alirudi akinuka karafuu, ambayo hutafunwa kuficha harufu ya pombe, nikajifanya nimelala. Asubuhi alikuwa mtaroni nje ya lango, hai, ameibiwa viatu. Waliojua walikuwa watatu, na wote tulikuwa tumejifanya tumelala.

Namna niliyokuja kuifundisha ni hii. Usiende kwa msimamizi nyuma ya mgongo wa mwenzako. Mwambie usoni, "Nimekuona, twende pamoja ukaseme," na umshike mkono. Akikataa, nenda peke yako usiku huohuo, wala si kesho. Kwa aliyekuwa akitumia heroini jambo hili halingoji hata saa moja, kwa sababu mwili uliokaa wiki kadhaa bila dawa hupoteza uvumilivu wake, na kipimo alichokizoea zamani kinaweza kumuua akiwa amejifungia chooni.

Nyumba nyingi humtoa aliyerudia. Baadhi humtoa saa hiyohiyo, baadhi humpeleka hospitali na kumpa nafasi ya kuomba upya baada ya muda. Kumtoa ni haki ya wale wengine waliomo, na ninaitetea. Kumtoa usiku wa manane bila kumjulisha ndugu ni ukatili, na nilipokuwa msimamizi sikuufanya. Kwa hiyo katika wiki yako ya kwanza, ukiwa na akili timamu, andika kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari lako: nikianguka nitampigia nani, nitalala wapi usiku ule, nitapelekwa hospitali ipi. Mpe msimamizi nakala.

Mazishi, kwanjula na chungu cha malwa

Unaweza kukataa harusi. Mazishi huwezi. Na mazishi ya kwetu, kuanzia Tororo hadi Soroti, yana chungu cha malwa, pombe ya ulezi, katikati na watu wamekizunguka kwa mirija mirefu, kila mmoja na mrija wake, maji ya moto yakiongezwa, hadithi zikisonga. Ninasema wazi kwamba nilichokikosa zaidi nilipoacha si ulevi, ni duara lile. Anayekwambia kwamba utaacha pombe tu hajawahi kukaa humo. Unaacha kiti chako miongoni mwa wanaume wa rika lako.

Katika siku tisini za mwanzo usiende peke yako. Omba ruhusa, omba mkazi wa kukusindikiza, mjue mapema mtarudi na gari gani, na msilale. Nilipomzika mjomba wangu nilikwenda na mwenzangu mmoja, na tulipofika, kabla hatujakaribishwa kiti, alininong'oneza kwamba pale uani hapakuwa na mahali petu. Tulizunguka nyuma ya nyumba na kuomba visu kwa akina mama waliokuwa wakimenya matoke. Walitucheka, wakatupa kigoda kimoja cha kugawana, na tulimenya mikungu minne hadi vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Tangu siku hiyo najua kwamba katika kila msiba kuna upande usio na chungu, na upande huo daima una kazi.

Kwenye kwanjula, sherehe ya binti kumtambulisha mchumba wake kwa wazazi, soda yako ifunguliwe mbele yako, na usiiache ukaenda kusalimia. Ukibanwa useme kwa nini hunywi, "daktari amenikataza" inatosha, na si uongo. Kwa wenye asili ya Bugisu, mwaka unaogawanyika kwa mbili huleta imbalu, yaani sherehe za tohara, na pombe yake ya busaa kwenye mwezi wa Agosti; zungumza na mdhamini wako tangu Juni. Desemba ni ya kila mtu. Nyumba nyingi hupunguza ruhusa za kulala nje kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, na ndugu hukasirika. Waonyesheni mkataba.

Kazi, muda na kuondoka

Baada ya mwezi mmoja hivi utatakiwa kutafuta kazi au kurudi kwenye yako, na kodi uanze kuilipa mwenyewe, japo nusu. Pokea kazi ndogo yenye saa zinazojulikana. Kazi ya baa, hoteli yenye baa, au bohari ya vinywaji ikatae hata kama inalipa vizuri, na mshahara wa kwanza usiupokee peke yako: nenda na mtu, lipa kodi siku hiyohiyo, kinachobaki kiwekwe mahali pasipotoka kwa kubonyeza namba ya siri.

Watu huuliza wakae muda gani. Miezi mitatu ni kidogo. Sita hadi kumi na miwili ndiyo niliyoiona ikishika. Usiondoke kwa sababu unajisikia vizuri, kwa kuwa siku za kujisikia vizuri huja mapema, kabla mwili na mazoea havijatulia. Ondoka ukiwa na chumba ulichokilipia, kazi iliyokwisha kukupa mishahara mitatu, na mdhamini anayejua njia ya kufika kwako. Chumba kiwe cha umbali wa boda boda moja kutoka kwenye nyumba. Siku ya kuhamia, kabla hujafungua mzigo, tembea kutoka steji hadi mlangoni pako na uhesabu milango kama ulivyohesabu mara ya kwanza.

Nyumba nyingi hupokea waliotoka kwa chakula cha jioni siku moja ya wiki. Ya kwetu ilikuwa Alhamisi. Uliza ya kwenu ni ipi kabla hujarudisha ufunguo, na ukienda, beba kilo mbili za sukari.